Mtakatifu Gianna Beretta Molla: Daktari, Mke na Mama



Vijana wenzangu, jina la Mtakatifu Gianna tunalisikia sana kwenye semina za ndoa, na mara nyingi tunasimuliwa siku zake za mwisho tu: mama aliyekufa ili mtoto wake aishi. Ni kweli kabisa. Ila mimi nikisoma maisha yake navutwa zaidi na ile miaka ya kabla, maana humo namwona mtu anayehangaika kama sisi. Nisomee nini? Niolewe au niende utawani? Kazi na familia nitavibeba vipi pamoja?

Alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1922 huko Magenta, karibu na Milano, Italia. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, na wazazi wake walikuwa Wafransiskani wa Utawa wa Tatu. Alikuwa wa 10 kati ya watoto 13, ingawa si wote waliokua. Mwaka 1942 mama alifariki, na miezi michache baadaye baba naye akafuata. Gianna alikuwa na miaka 19 tu, nchi iko vitani. Mwaka huo huo akaanza kusomea udaktari.

Alihitimu Pavia mwaka 1949, akafungua kliniki kijiji cha Mesero mwaka 1950, na miaka miwili baadaye akawa bingwa wa magonjwa ya watoto. Maskini hakuwatoza, wengine aliwapa dawa, na hata hela mfukoni mwake. Parokiani alilea wasichana wa chama cha vijana Wakatoliki na alikuwa kwenye Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Na msidhani alikuwa mtu wa sura ya huzuni muda wote! Alipenda kupanda milima, kuteleza kwenye theluji, kuchora, kuvaa vizuri, na gari aliendesha mwenyewe.

Sasa hapa ndipo penye jambo. Gianna hakupanga kuolewa na kubaki Italia. Kaka yake, Padre Alberto, alikuwa Mkapuchini na pia daktari, mmisionari huko Grajaú, kaskazini mwa Brazili. Dada yake Virginia, naye daktari, alikuwa mtawa Mkanosiana aliyekwenda India. Gianna alitaka kumfuata kaka yake awatibu akina mama na watoto wa kule. Lakini afya yake haikuwa imara, joto la kule asingeliweza, na waliomwongoza kiroho wakamshauri asiende. Hebu fikiria: unamwomba Mungu nafasi ya kumtumikia, tena kazi njema, halafu mlango unafungwa. Akasali sana, akaomba na wengine wamwombee.

Tarehe 8 Desemba 1954, sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, alihudhuria Misa ya kwanza ya padre mpya Mkapuchini. Huko alikuwepo pia Pietro Molla, mhandisi wa kiwanda cha viberiti. Wakaanza kufahamiana, na tarehe 24 Septemba 1955 wakafunga ndoa Magenta, mbele ya kaka mwingine wa Gianna, Padre Giuseppe. Alizaliwa Pierluigi mwaka 1956, Mariolina 1957, Laura 1959. Kliniki hakuiacha. Pietro akisafiri kikazi walikuwa wanaandikiana barua, na barua hizo zimechapishwa. Ukizisoma unakutana na watu wawili wanaopendana kwelikweli. Halafu mimba mbili zikaharibika.

Mwaka 1961 alishika tena mimba, na mwezi wa pili ukagundulika uvimbe kwenye kizazi. Kutoa mimba hakukubali kabisa. Ilikuwepo njia nyingine, kuondoa kizazi chote. Hapo naomba tuelewane vizuri, maana wengine huwa wanachanganya: Kanisa halisemi kwamba mama anayeondolewa kizazi kwa sababu ya ugonjwa kama huo ametenda dhambi, hata kama mtoto hataweza kuokolewa, kwa kuwa kinachotibiwa ni ugonjwa na kifo cha mtoto hakikusudiwi. Kwa hiyo Gianna hakulazimishwa na sheria. Na mfano wake tusiugeuze fimbo ya kuwachapia akina mama waliopitia magumu hayo. Yeye aliomba uvimbe peke yake utolewe, mtoto abaki. Kama daktari alijua hatari yake kuliko wengi. Alipasuliwa Monza tarehe 6 Septemba, akapona, akarudi kwa wagonjwa wake. Siku zilipokaribia alimwambia Pietro wazi kwamba ikibidi kuchagua, wamwokoe mtoto.

Ijumaa Kuu ya 1962 alirudi hospitali. Jumamosi Kuu, tarehe 21 Aprili, Gianna Emanuela alizaliwa kwa upasuaji. Mama akapata maambukizi makali tumboni, na baada ya wiki moja ya maumivu akafariki nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 28. Alikuwa na miaka 39.

Pietro alibaki na watoto wanne, mkubwa ana miaka mitano. Mwaka 1964 Mariolina naye akafariki, miaka sita. Yaani nikifika hapa huwa nanyamaza kidogo. Tunamsifu Gianna, ni haki, lakini yule baba aliyeamka kila siku kuwalea hawa watoto naye amebeba msalaba wake miaka mingi. Mungu alimpa maisha marefu: Papa Yohane Paulo II alipomtangaza Gianna mwenye heri mwaka 1994, na mtakatifu tarehe 16 Mei 2004, Pietro alikuwepo na watoto wake. Gianna Emanuela alikuwa pale pia, naye ni daktari, wa wazee.

Na Brazili? Hakuwahi kufika. Ila muujiza uliokubaliwa ili atangazwe mwenye heri ulitokea mwaka 1977 kwa mama mmoja aliyekuwa taabani baada ya kujifungua, aliyeombewa kwa maombezi yake na mtawa muuguzi. Ilikuwa Grajaú, katika hospitali aliyoianzisha Padre Alberto.