Karl Jansky, Msikilizaji wa Kwanza wa Nyota

Wakati wa kiangazi, usiku usio na mbalamwezi katika vilima vya Kibondo na Kasulu huonesha mkanda mweupe wa nyota unaokatiza anga, uitwao Njia ya Maziwa. Mtu wa kwanza kutambua kwamba mkanda huo hautoi nuru tu, bali pia mawimbi ya redio, alikuwa Karl Jansky.

Alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1905 huko Oklahoma, Marekani, mtoto wa profesa wa uhandisi wa umeme. Baada ya kusoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliajiriwa mwaka 1928 na maabara za kampuni ya simu ya Bell, ingawa alikuwa na maradhi ya figo. Alipewa kazi isiyo na fahari: kutafuta chanzo cha mikwaruzo iliyovuruga simu za redio zilizovuka Bahari ya Atlantiki.

Huko Holmdel, New Jersey, alijenga antena yenye urefu wa mita 30 hivi, iliyozunguka juu ya magurudumu ya gari. Kwa miezi mingi alisikiliza na kuandika. Alibaini sauti za aina tatu: radi za karibu, radi za mbali, na mvumo hafifu usiokoma. Mwanzoni alidhani mvumo huo watoka kwenye jua. Lakini ulirudi kila baada ya saa 23 na dakika 56, yaani muda wa dunia kujizungusha ikilinganishwa na nyota, si na jua. Mwaka 1933 alitangaza kwamba unatoka upande wa kundinyota la Mshale, kulipo na kitovu cha galaksi yetu.

Magazeti yaliandika habari zake, kisha kimya. Kampuni ilikuwa imekwisha kupata jibu ililolihitaji, naye akapangiwa kazi nyingine. Alifariki tarehe 14 Februari 1950, akiwa na miaka 44, bila kuona mavuno.

Mavuno yalikuja. Mwaka 1963 ilitambulika kwamba 3C 273, iliyojulikana kwanza kwa mawimbi yake ya redio, iko mbali mno nje ya galaksi yetu. Hiyo ni kwasari: kitovu cha galaksi ambamo shimo jeusi kubwa humeza gesi, huku gesi nyingine ikisukumwa nje kwa kasi kubwa. Upepo huo waweza kufagia gesi ambayo ingezaa nyota mpya. Ili kuchungulia karibu na chanzo chake, antena za mabara mbalimbali, ikiwemo ya Hartebeesthoek, Afrika Kusini, huunganishwa zikawa kama antena moja yenye upana wa dunia. Nguvu ya mawimbi wanayoyapokea wataalamu huipima kwa kipimo kiitwacho jansky.

Vijana wetu wanaosoma sayansi wayatafakari maisha haya. Jansky hakuidharau kazi ndogo. Katika sauti iliyohesabiwa kuwa kero, alisikia mbingu.