PAVLOV NA PANYA WALIOMFUNZA

Kwetu Kayole panya tunawajua vizuri. Usiku taa ikizimwa tu, hao! Siku moja nikajiuliza: je, watoto wao huzaliwa wakijua ujanja huo, ama hufunzwa na wakubwa wao? Kumbe kuna mzee aliyeuliza swali kama hilo zamani, naye ni Ivan Pavlov, yule wa mbwa.

Pavlov alizaliwa mwaka wa 1849 mjini Ryazan, Urusi. Babake alikuwa kasisi, na yeye mwenyewe alianza na masomo ya dini. Utotoni alianguka vibaya, hata hakuingia shule mpaka alipofika miaka 11. Mwaka wa 1870 aliacha seminari akaenda Chuo Kikuu cha Saint Petersburg kusomea sayansi. Alichunguza jinsi tumbo linavyosaga chakula, na mwaka wa 1904 akapewa Tuzo ya Nobel, Mrusi wa kwanza kuipata. Aliwazoesha mbwa kupata chakula baada ya mlio fulani, mpaka wakawa wanadondokwa na mate kwa kusikia mlio peke yake. Hapo ndipo alipopata sifa. Lakini mimi nampendea jambo lingine.

Mwaka wa 1923, akiwa ziarani ng'ambo, alitangaza habari ya ajabu. Msaidizi wake alikuwa amewafunza panya weupe kukimbilia chakula kengele ilipolia. Panya wa kwanza walihitaji mafunzo 300. Watoto wao 100, wajukuu 30, vitukuu 10, na waliofuata 5 tu! Yaani ati elimu inarithiwa kama rangi ya macho. Ingekuwa kweli, watoto wa walimu hawangehitaji hata daftari!

Wengine walishuku. Mrusi mwenzake, Nikolai Koltsov, alionelea kuwa huenda si panya waliozidi kuwa werevu, bali ni msaidizi aliyezidi kuwa fundi wa kufunza. Majaribio yaliporudiwa kwa uangalifu zaidi, urithi ule haukuonekana. Pavlov alikuwa mzee na jina lake limeenea duniani. Angeweza kunyamaza tu. Lakini mwaka wa 1927 alikiri hadharani kwamba matokeo yale hayakuthibitika. Alifariki mwaka wa 1936 akiwa na miaka 86.

Jamani, kisa hiki kilinichoma. Muhula uliopita tulipima miche ya maharagwe kwa siku 14. Mimi siku tatu sikupima, nikajaza namba za kubuni ili grafu ipande vizuri kama ya kitabu. Nilipata alama nzuri sana. Baada ya kusoma habari za Pavlov, kila nikiitazama ile grafu naona haya. Mwishowe nilimwendea mwalimu nikamweleza. Alama alizipunguza, kisha akanipa maharagwe mengine nianze upya. Grafu yangu mpya imepindapinda, na miche miwili ilikauka, lakini kila namba niliipima kwa rula yangu.

Wenzangu, wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Kama mzee wa Nobel aliweza kusema alikosea kuhusu panya, sisi tunaogopa nini?