Edward Steere

Edward Steere (London, Uingereza, 4 Mei 1828 – Zanzibar, 27 Agosti 1882) alikuwa mwanasheria, mtaalamu wa lugha na askofu wa Kanisa Anglikana aliyefanya kazi Zanzibar katika karne ya 19. Anajulikana hasa kwa vitabu vyake vya sarufi ya Kiswahili, kwa tafsiri yake ya Agano Jipya na kwa ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa.

Jambo lingine ambalo halitajwi mara nyingi ni kwamba aliingiza mtambo wa kupiga chapa katika shule ya vijana waliookolewa utumwani. Kwa njia hiyo wanafunzi wa Kiafrika walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupiga chapa vitabu vya Kiswahili kwa herufi za Kilatini kwenye ardhi ya Afrika Mashariki.

Maisha ya awali

Steere alizaliwa London katika familia ya mwanasheria. Alisoma katika University College ya mji huo, akapata shahada ya kwanza mwaka 1847 na baadaye shahada za sheria hadi udaktari mwaka 1850. Mwaka huohuo alikubaliwa kuwa wakili. Hata hivyo hakupendezwa sana na kazi ya mahakamani. Alitumia muda mwingi kusoma falsafa na kuwahudumia maskini wa mji. Pia alipenda kazi za mikono, na ufundi wa kupiga chapa ulikuwa mmojawapo aliokuja kuutumia sana baadaye.

Mwaka 1856 alipewa ushemasi. Mwaka 1858 alimwoa Mary Brown. Alihudumu Skegness, kwenye pwani ya mashariki ya Uingereza, na tangu mwaka 1859 alikuwa kasisi wa kijiji cha Little Steeping. Huko alikuwa jirani na rafiki wa kasisi William Tozer.

Misheni ya Vyuo Vikuu

Mwaka 1857 mpelelezi David Livingstone alihutubia katika Chuo Kikuu cha Cambridge akiwaomba vijana wasomi waende Afrika kupinga biashara ya watumwa. Matokeo ya wito huo yalikuwa kuanzishwa kwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA). Msafara wake wa kwanza ulikwenda nyanda za juu za Shire, katika Malawi ya leo, ukapoteza watu wengi kwa homa, akiwemo askofu wa kwanza Charles Mackenzie aliyefariki mwaka 1862.

Tozer alichaguliwa kuwa askofu badala yake, na Steere akakubali kufuatana naye. Walijaribu kwanza kukaa kwenye mlima Morumbala karibu na mto Zambezi, lakini mahali hapo hapakufaa. Tozer aliamua kuhamia Zanzibar, na tarehe 31 Agosti 1864 walifika Unguja. Uamuzi huo ulilaumiwa na wengi, pamoja na Livingstone mwenyewe, kwa sababu ulionekana kuwa ni kurudi nyuma.

Zanzibar ilikuwa wakati huo kitovu cha biashara ya Afrika Mashariki. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, hadi Ujiji kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, na kuvuka ziwa kuingia Kongo. Pembe za ndovu na watumwa walishushwa pwani kwa njia hiyo, na pia kwa njia ya kusini iliyotoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa. Njia hizohizo zilipeleka Kiswahili bara.

Wanafunzi wa kwanza

Muda mfupi baada ya kufika, misheni ilipokea kutoka kwa Sultani Majid wavulana watano waliokuwa wamechukuliwa kutoka jahazi la watumwa. Baadaye wengine waliletwa na manowari za Uingereza zilizokamata majahazi baharini. Mwaka 1866 kiwanja kilinunuliwa Kiungani, kusini mwa mji, na shule ya wavulana ikajengwa hapo. Baadaye ilijulikana kama Chuo cha Mtakatifu Andrea. Wasichana walipata shule yao huko Mbweni.

Watoto hao walitoka katika makabila mengi: Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wanyamwezi na wengineo. Wengi walikuwa wametekwa wakiwa wadogo, wakabadilishana mikono ya wafanyabiashara kadhaa, na hawakujua njia ya kurudi kwao. Hawakuwa na lugha moja. Kiswahili walichokipata njiani na mjini ndicho kilichowaunganisha, na Steere aliona kwamba shule haina budi kufundisha kwa lugha hiyo. Alipinga wazo la kuwafanya Waingereza kwa mavazi, chakula au lugha, kwa hoja kwamba watatengwa na watu wao.

Mtambo wa kupiga chapa shuleni

Tatizo lilikuwa vitabu. Kiswahili kilikuwa na fasihi ya kale iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hasa tenzi, lakini kazi hizo zilinakiliwa kwa mkono na hazikuwa vitabu vya shule. Johann Ludwig Krapf alikuwa ameandika sarufi mwaka 1850, lakini ilihusu Kimvita cha Mombasa na iliandikwa kwa ajili ya wageni. Kupeleka kila maandishi London na kuyasubiri yarudi kwa meli kulichukua miezi mingi, na wapigachapa wa huko hawakujua neno hata moja la lugha hiyo.

Kwa hiyo Steere aliweka mtambo mdogo wa kupiga chapa kwenye misheni, na kuwafundisha wavulana kuutumia. Kazi ilifanywa hatua kwa hatua. Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha risasi kilichohifadhiwa katika kisanduku chenye vyumba vingi. Mwanafunzi aliokota herufi moja baada ya nyingine na kuzipanga mstari kwa mstari, zikiwa zimegeuzwa kama zinavyoonekana kwenye kioo. Mistari ilifungwa ndani ya fremu, ikapakwa wino, kisha karatasi ilikandamizwa juu yake. Nakala ya kwanza ilisomwa ili kutafuta makosa, herufi zikarekebishwa, na baada ya hapo nakala nyingine zilitolewa kwa wingi. Mwishoni herufi zilirudishwa katika vyumba vyake.

Kazi hiyo ilikuwa pia somo la kusoma na kuandika. Aliyepanga herufi alilazimika kulitazama kila neno silabi kwa silabi, na kuliandika kwa namna ileile kila lilipotokea. Hivyo tahajia, ambayo kwa herufi za Kilatini ilikuwa bado haijakubalika, iliamuliwa kwa sehemu mezani pa wapanga herufi. Kosa lililopita lilionekana katika kila nakala, na wenzao darasani ndio waliosoma kurasa hizo.

Kufikia mwaka 1867 mtambo ulikuwa umetoa maandishi ya kufundishia, mkusanyiko wa maneno na sarufi ya Kishambaa, na kijitabu cha hadithi za Kiingereza kwa Kiswahili kilichotokana na masimulizi ya tamthilia za Shakespeare. Hizo ni kati ya kazi za mwanzo kabisa zilizopigwa chapa Zanzibar.

Kazi ya lugha

Steere hakujifunza Kiswahili vitabuni. Alikaa na watu wa Unguja, akasikiliza, akaandika na kuwasomea tena walichosema ili wamsahihishe. Miongoni mwa waliomsimulia hadithi alikuwa kijana Mswahili Hamisi wa Kayi. Alirudi Uingereza mwaka 1868 na kwa miaka iliyofuata alitayarisha vitabu kwa uchapaji mkubwa zaidi. Mwaka 1870 vilitoka London vitabu viwili: mwongozo wa Kiswahili kama kinavyosemwa Zanzibar, wenye sarufi na orodha za maneno, na mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili pamoja na tafsiri yake. Ule mwongozo ulitolewa upya mara nyingi, na baadaye ulisahihishwa na mwenzake Arthur Madan.

Alikusanya pia maneno na kanuni za lugha za bara, zikiwemo Kiyao na Kinyamwezi cha Unyanyembe. Kinyamwezi kilikuwa na umuhimu wa pekee, kwa kuwa Wanyamwezi ndio walikuwa wapagazi wakuu wa njia ya Ujiji. Wasemaji wa lugha hizo alikutana nao Unguja, kabla wamisionari hawajafika kwenye nchi zao.

Uaskofu

Steere alirudi Zanzibar mwaka 1872. Mwezi Aprili mwaka huo kimbunga kikali kilipiga kisiwa na kuharibu majengo ya misheni, na Tozer alilazimika kujiuzulu kwa sababu ya ugonjwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akishinikizwa na Uingereza kupitia balozi wake John Kirk, alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Misheni ilipata kiwanja cha soko la Mkunazini, na jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873. Ujenzi, ambao Steere aliusimamia mwenyewe akitumia mawe ya matumbawe, uliendelea hadi mwisho wa muongo huo.

Mwaka 1874 aliwekwa wakfu kuwa askofu huko London. Mwaka uliofuata alitembea kwa miguu kutoka pwani ya kusini hadi Mwembe, kwa Mataka, mtawala wa Wayao mashariki mwa Ziwa Nyasa. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watumwa walioachwa huru waliotaka kurudi upande wa kwao, na kijiji chao kikaanzishwa Masasi. Mwaka 1879 alimpa ushemasi John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano wa kwanza.

Wakati huohuo aliendelea kutafsiri Biblia na kitabu cha sala. Alifariki ghafla Zanzibar tarehe 27 Agosti 1882 akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa katika kanisa alilolijenga. Agano Jipya lake lilitolewa mwaka 1883, na Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilikamilika mwaka 1891 kwa kazi ya wenzake.

Urithi

Uchapaji uliendelea kuwa sehemu ya maisha ya Kiungani baada ya kifo chake. Mwaka 1887 Madan alitoa kitabu cha historia za maisha ya wanafunzi, zilizoandikwa na wao wenyewe kwa Kiswahili na kutafsiriwa kwa Kiingereza, ambamo wanaeleza walivyotekwa na kuuzwa. Mwaka 1888 lilianza jarida la Msimulizi, lililokuwa na habari kutoka vituo mbalimbali vya misheni na kuandikwa na walimu na wanafunzi. Linahesabiwa kati ya majarida ya kwanza ya Kiswahili. Katika miaka ya 1920 Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamishiwa Minaki, karibu na Kisarawe, ambako kimeendelea kama shule ya sekondari inayojulikana nchini Tanzania.

Serikali ya Kijerumani ilitumia Kiswahili kwa herufi za Kilatini katika shule zake, na reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 ilifuata kwa sehemu kubwa njia ya zamani ya misafara. Chini ya Waingereza, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ilianza kazi yake mwaka 1930. Hivyo lahaja ambayo Steere na wanafunzi wake waliipiga chapa ndiyo iliyokuja kutumika katika vitabu vya shule kutoka Unguja hadi Ujiji.

Tathmini

Wataalamu wanakubali ubora wa kazi ya Steere kama mchunguzi wa lugha, ingawa wengine wanaonyesha upande wa pili. Herufi za Kilatini zilisukuma pembeni maandishi ya Kiarabu, na wasomi wengi Waislamu wa pwani walijikuta wakihesabiwa kuwa hawajui kusoma katika mfumo mpya. Vitabu vingi vilivyotoka katika mtambo wa misheni vilikuwa na shabaha ya kidini. Tena wanafunzi wenyewe hawakuwa wamechagua kufika huko: walitolewa kwenye jahazi na kukabidhiwa kwa misheni wakiwa watoto.

Hata hivyo, katika mji ambao watu wa hali yao walikuwa wakiuzwa sokoni hadi mwaka 1873, vijana hao walishika ufundi ambao watu wachache sana wa Afrika Mashariki walikuwa nao. Majina ya wengi wao waliopanga herufi hayakuwekwa kwenye vitabu walivyovitengeneza.