Hasan bin Haytham, Mwanachuoni wa Nuru



Ndugu Waislamu, leo tunawaletea habari za Abu Ali Hasan bin Haytham, aliyezaliwa Basra, Iraki, kiasi cha mwaka 965, akafariki Kairo kiasi cha mwaka 1040.

Wasimulizi wa zamani wanaeleza kwamba alidai anaweza kuyatawala maji ya mto Nili. Khalifa al-Hakim wa Misri akamwita. Alipofika karibu na Aswan na kuuona mto wenyewe, alitambua kwamba haiwezekani. Kwa kuihofia ghadhabu ya khalifa alijifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani hadi khalifa alipotoweka mwaka 1021. Baadaye alijipatia riziki kwa kunakili vitabu.

Zama zile wasomi wengi walifuata kauli ya Wayunani kama Euclid na Ptolemy, kwamba jicho hutoa miali inayokwenda kukigusa kitu. Hasan aliwaheshimu, lakini akapima. Mwenye kulikodolea jua jicho humuuma. Basi kinachomuumiza kimetoka nje. Akathibitisha kwamba nuru hutoka kwenye jua au taa, hukipiga kitu, kisha huingia jichoni.

Tena aliijaribu nuru ndani ya chumba chenye giza. Nawe jaribu, ndugu yangu. Mchana wa jua kali, ziba madirisha yote, acha tundu dogo tu kuelekea mwembe ulio nje. Ukutani utauona mwembe ule umepinduka, mizizi juu, majani chini. Sababu ni kwamba nuru huenda moja kwa moja: itokayo juu ya mti hupita tunduni ikashuka, itokayo chini hupanda. Hata lile doa la duara sakafuni, chini ya bati lililotobolewa na msumari, ni sura ya jua. Siku ya kupatwa jua doa hilo huwa kama hilali, nawe huna haja ya kuyahatarisha macho yako.

Kitabu chake, Kitab al-Manazir, chenye sehemu saba, kilitafsiriwa kwa Kilatini, na Ulaya ikakisoma karne nyingi.

Ndugu mzazi, nawe mwalimu wa madrasa, mtoto akiuliza kwa nini, usimnyamazishe kwa fimbo. Kumheshimu mwalimu hakumkatazi mwanafunzi kuchunguza. Keti naye, mpime pamoja.

Wabillahi tawfiq.