MAISHA YA UKICHIRO NAKAYA, MTU ALIYEOTESHA THELUJI



Theluji hapa kwetu hatuionake, isipokuwa huko juu kabisa ya Ruwenzori. Lakini ile barafu nyeupe inayoshika ndani ya frigo ni ndugu yake. Zote mbili ni mvuke uliogeuka barafu pasipo kupita kwanza ku maji.

Nakaya alizaliwa Japani, mu Katayamazu, tarehe 4 mwezi wa 7, 1900. Baba yake alikufa yeye akingali mtoto. Alisoma fizike ku iniversite ya Tokyo, kisha London. Akiwa kule Ulaya, bibi yake akafa. Mwaka wa 1930 alikwenda kufundisha Sapporo, kwenye baridi kali. Vyombo vya kazi aliyojifunza havikuwako. Basi akashika kitu kilichokuwa kinaanguka inje bure: theluji. Alipiga foto karibu 3000.

Shida ilikuwa hii: uzito unavuta kristali ya theluji chini, nayo inakua ikianguka, inapita hewa mbalimbali. Nani ataifuata toka mawinguni? Nakaya akaona afazali kristali ikae pamoja, mvuke ndio uifuate.

Alitwaa bomba la kioo lenye lingine ndani, mu chumba cha baridi kali, akapasha maji moto pale chini. Hewa ya moto ni nyepesi, ikapanda na mvuke; ya baridi ni nzito, ikashuka. Kumbe uzito ule ule uliomsumbua ukamfanyia kazi! Juu alitundika uzi. Pamba ilikatala, hariri ikakatala, hata uzi wa buibui. Mwisho alitundika unywele wa sungura, na tarehe 12 mwezi wa 3, 1936, kristali nzuri ikakua juu yake.

Kisha akapima. Karibu na -15°C, mvuke ukiwa mwingi, zinakua nyota zenye matawi. Karibu na -5°C, sindano. Kwa hiyo ukiona sura ya theluji, unaweza kujua hewa ya juu ilikuwa namna gani. Aliandika hayo mu kitabu kikubwa mwaka wa 1954. Alikufa tarehe 11 mwezi wa 4, 1962.

Ndugu wa darasa la sita, egzamen iko karibu. Wengi tunasema tutashindwa juu vyombo vya laboratware havitoshi. Hata mimi nilisema hivyo. Nakaya naye alikosa vyombo, akaanza na kitu kilichokuwa mbele ya mlango wake. Na sisi tuanze.

Mkubwa wa wanafunzi, darasa la 6