Sandow: Kiganja Kitupu au Mkanda?

Mwalimu mmoja wa michezo kutoka Voi alinieleza hivi majuzi kwamba wavulana wake wamegawanyika makundi mawili yasiyosalimiana vizuri. Kundi la kwanza hujifunga mikanda viganjani kabla ya kuinua chuma kutoka sakafuni. Kundi la pili huwacheka, likidai kwamba aliyefunga mkanda hakunyanyua kitu, bali mkanda ndio ulionyanyua. Mmoja wao, kwa kuona haya ya kuchekwa, aliuvua mkanda akang'ang'ania uzani uliomzidi, kikamponyoka na kumwangukia mguuni. Mwalimu akataka kauli yangu.

Mimi ni mtu wa isimu, na uzani mkubwa niliozoea kubeba ni wa madaftari ya mitihani. Hata hivyo mjadala huu umenikumbusha maisha ya mtu ambaye jina lake wanafunzi hao wanalo vinywani bila kulijua asili yake, kwa kuwa sanamu yake ndiyo anayokabidhiwa bingwa wa dunia wa kutunisha misuli tangu mwaka 1977. Huyo ni Eugen Sandow.

Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1867 huko Königsberg katika Prussia, mji ambao leo ni Kaliningrad, Urusi. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Friedrich Wilhelm Müller. Akiwa kijana aliondoka kwao ili kukwepa kutwaliwa jeshini, akafuatana na sarakasi, na katika kuhangaika huko akajibatiza jina jipya ambalo yasemekana alilifinyanga kutokana na ukoo wa mamake. Huko Brussels alikutana na mwalimu mashuhuri, Ludwig Durlacher, aliyejiita Profesa Attila. Huyu ndiye aliyemtia kwenye vyuma vizito, wakati ambapo wengi waliamini kwamba uzani mwepesi watosha na kwamba mzito humfanya mtu awe mgumu kama gogo.

Yapo masimulizi ya Amsterdam, ambayo chanzo chake ni Sandow mwenyewe na kwa hiyo tuyapokee kwa tahadhari. Anasimulia kwamba alipokuwa hana kazi wala hela alizunguka usiku akizivuta mashine za kupimia nguvu zilizowekwa mjini hadi zikavunjika, moja baada ya nyingine. Polisi walidhani ni genge la waharibifu. Walipomkamata, ikabidi awaonyeshe kwamba vishikio vile viling'oka kwa mkono mmoja wa mtu mmoja. Iwe kweli au chumvi, hadithi hiyo yaonyesha alichotaka watu wakijue kwanza juu yake, yaani kiganja chake.

Sifa zilimjia London mwaka 1889, alipojitokeza mbele ya hadhira kumkabili Charles Sampson, mbabe wa jukwaani aliyekuwa akiwaalika watu washindane naye. Sampson alikata minyororo na kupinda vyuma, lakini baadhi ya vifaa vyake vilishukiwa kuwa vimeandaliwa mapema ili vikatike. Sandow alimshinda, na kuanzia hapo hakuwa tena msafiri wa sarakasi. Mwaka 1893 alikuwa Chicago chini ya Florenz Ziegfeld, aliyegundua upesi kwamba watazamaji walivutiwa na umbo la Sandow kuliko uzani aliouinua. Mwaka uliofuata alisimama mbele ya kamera katika studio ya Thomas Edison, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuonekana katika picha za sinema.

Sasa tufike penye kiini. Mwaka 1897 Sandow alifungua chuo cha mazoezi ya mwili mjini London, na mwaka 1898 akaanzisha gazeti la fani hiyo. Msomaji wa Voi na akumbuke kwamba ni katika miezi hiyohiyo ambapo reli kutoka Mombasa ilikuwa ikikatiza nyika ya Taita kuelekea Tsavo, na vibarua, wengi wao kutoka India, wakibeba reli na mataruma kwa mikono. Makarani wa London walikuwa wakilipa ada ili wapate kwa makusudi jasho ambalo wengine hapa kwetu walilitoa kwa lazima.

Pamoja na mafunzo, Sandow aliuza vifaa. Viwili vyatuhusu. Cha kwanza kilikuwa seti ya nyugwe za mpira zenye vishikio, zilizofungwa ukutani au mlangoni, mtu akazivuta kwa zamu. Cha pili kilikuwa chuma cha mkononi kilichopasuliwa katikati kwa urefu, na baina ya vipande viwili zikatiwa springi. Mwanafunzi alitakiwa avifumbate vipande hivyo hadi vikutane, kisha afanye mazoezi yake yote bila kulegeza. Nguvu zikiongezeka, springi huongezwa. Nimelitumia neno kufumbata kwa makusudi. Kushika ni jambo jepesi, hata mtoto hushika. Kufumbata ni kufunga kiganja juu ya kitu kwa nia ya kutokiachia, na hicho ndicho kifaa hicho kilichofundisha. (Ndugu zetu wa Tanzania nao wameshalichukua neno mshiko na kuliita pesa, na sidhani walikosea sana.)

Hapa ndipo wavulana wa Voi wanapopaswa kutazama vizuri. Sandow aliamini kwamba kiganja kina mazoezi yake, mbali na mgongo na mapaja. Lakini mtu huyohuyo, alipokuwa jukwaani akibeba jukwaa lenye watu na wanyama juu ya kiwiliwili chake, hakutumia vidole kabisa, wala hakuna aliyesema kwamba amedanganya. Kila mzigo ulikuwa na kiungo chake.

Suala la mkanda ni hilohilo. Mgongo na mapaja ya kijana aliyekwisha kukomaa katika mazoezi huweza kuinua uzani mkubwa kuliko vidole vinavyoweza kuukamata. Vidole huachia kwanza, na mgongo ukabaki haujafanya kazi yake. Mkanda huuhamisha uzito kutoka vidoleni hadi kwenye kifundo cha mkono. Hiyo si hila. Katika mashindano ya kunyanyua uzani ya Olimpiki mikanda hairuhusiwi, lakini wanyanyuaji hao hao huitumia mazoezini. Anayejiandaa kwa mashindano hana budi kukizoeza kiganja kitupu, hasa kwa kukilaza kidole gumba kwenye chuma na kukifunika kwa vidole vingine. Na anayejifunga mkanda ajue kwamba hawezi kukiachia chuma upesi mambo yakiharibika.

Wanaocheka nao watazame nje ya chumba chao. Mama mwenye kuteremka milima ya Taita na ndoo kichwani huweka ngata. Mwenye mtoto mgongoni hufunga mbeleko. Jirani zetu Wakamba, na Wakikuyu pia, hupitisha ukanda kwenye paji la uso ili mzigo wa kuni ukae mgongoni. Hakuna aliyewahi kumwambia mama wa mbeleko kwamba hakumbeba mtoto. Mkonge unaokatwa Mwatate mwisho wake ni kamba, na kamba kazi yake ni kusaidia mkono.

Maoni yangu, kwa hiyo, ni kwamba mwanafunzi anayeanza hana haja ya mkanda. Uzani wake bado ni mdogo, na akikipumzisha kiganja sasa atakuwa na mgongo wa mtu mzima na vidole vya mtoto. Wala pesa za mzazi zisipotee kwa kununua kitu asichokihitaji. Aliyeendelea aufunge katika seti za mwisho tu, baada ya kiganja kuchoka kwa haki. Na mwenye kucheka mwenziwe hadi akaumia mguu anastahili adhabu ya mwalimu. Kiganja chenyewe kina habari nyingi kuliko tulivyodhani: utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet, uliowahusisha watu wapatao 140,000 katika nchi 17, Zimbabwe ikiwemo, ulikuta kwamba kila nguvu za kiganja zilipopungua kwa kilo 5, hatari ya kufa iliongezeka kwa asilimia 16. Kiganja dhaifu hakimwui mtu, bali hueleza hali ya mwili mzima.

Sandow aliandaa shindano kubwa la maumbo ya mwili katika ukumbi wa Royal Albert Hall mwaka 1901, na Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Sherlock Holmes, akawa mmoja wa waamuzi. Mwaka 1911 Mfalme George wa Tano alimteua kuwa profesa wake wa mazoezi ya mwili. Vita vya 1914 vilipozuka biashara zake ziliyumba. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1925 akiwa na miaka 58, kwa kupasuka mshipa mkuu wa damu. Watu walivumisha kwamba alijidhuru kwa kulivuta gari peke yake kutoka mtaroni, uvumi ambao umekaa vizuri mno na hadithi ya Amsterdam kiasi cha kunitia shaka. Mkewe alimzika Putney Vale bila jiwe la kaburi, na kaburi likakaa hivyo hadi karne hii.

Jina lake lilipata makao mengine. Kule India fulana isiyo na mikono huitwa sando. Na Mfaransa anapofunga mzigo nyuma ya baiskeli au pikipiki kwa ugwe wa mpira wenye kulabu, mithili ya ule unaotumiwa na waendeshaji bodaboda wa Voi, ugwe huo huuita sandow. Kile chuma cha springi, kilichofundisha kufumbata, sijakutana na lugha iliyokiita kwa jina lake.