Michael Grzimek: Rubani kijana aliyegongana na tumbusi katika anga la Serengeti

Jumamosi ya tarehe 10 Januari mwaka 1959, ndege ndogo iliyopakwa mistari ya pundamilia ilianguka katika uwanda wa Salei, kaskazini mwa Ngorongoro, huko Tanganyika. Ndani yake alikuwamo mtu mmoja tu, rubani wake, Mjerumani Michael Grzimek. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Kiswahili kina neno moja, ndege, kwa chombo na kwa kiumbe, na siku ile viwili hivyo viligongana. Tumbusi, yule ndege mkubwa alaye mizoga, alilipiga bawa la kulia. Bawa likapinda, nyaya za kuongozea chombo zikakwama, na rubani hakuweza tena kukiinua.

Michael alizaliwa Berlin tarehe 12 Aprili mwaka 1934. Baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, alikuwa daktari wa mifugo ambaye mwaka 1945 alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt, iliyokuwa imebomolewa kwa mabomu ya vita. Mtoto akakulia katikati ya wanyama. Alipokuwa kijana alishika kamera, na baba na mwana wakaanza kufanya kazi kama washirika.

Mwaka 1956 walitoa filamu waliyoipiga katika Kongo ya Wabelgiji, ikieleza jinsi wanyama wa porini wanavyokosa mahali pa kuishi. Filamu hiyo ilipata tuzo katika tamasha la filamu la Berlin na kuingiza fedha nyingi. Wawili hao wakataka kuzitumia kununua ardhi ili kuongeza eneo la hifadhi ya Serengeti. Mkurugenzi wa hifadhi za Tanganyika wakati huo, Kanali Peter Molloy, aliwashauri vingine. Aliona ni afadhali fedha zitumike kuwahesabu wanyama na kujua wanakokwenda.

Ushauri huo ulikuwa na sababu yake. Hifadhi ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na kufikia mwaka 1956 serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilikuwa na mpango wa kuigawa, upande wa mashariki pamoja na Ngorongoro utolewe. Lakini hakuna aliyejua kwa hakika nyumbu na pundamilia walikuwa wangapi, wala walipita wapi mvua inapokuja na inapokwisha. Mipaka ilikuwa inachorwa kwa kukisia.

Baba na mwana wakajifunza urubani. Walinunua ndege aina ya Dornier Do 27, yenye injini moja na mabawa ya juu, inayoweza kutua na kuruka mahali pafupi pasipo na kiwanja. Herufi zake za usajili zilikuwa D-ENTE, na neno Ente kwa Kijerumani maana yake ni bata. Mistari ya pundamilia iliwasaidia watu kuiona kwa urahisi endapo ingeanguka porini. Mwishoni mwa mwaka 1957 waliirusha wenyewe kutoka Ujerumani, wakapitia Afrika Kaskazini hadi Afrika Mashariki.

Mwaka 1958 ulikuwa mwaka wa kuhesabu. Waliruka chini chini, ukanda baada ya ukanda, wakihesabu kwa macho. Walipata wanyama wakubwa 366,980, na kati yao nyumbu walikuwa karibu 100,000. Aidha, waliwafunga wanyama alama za shingoni na kuchunguza majani wanayoyafuata. Jambo moja likawa wazi: makundi yale yalivuka mipaka iliyokuwa imependekezwa.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari zake. Tumbusi hupanda na hewa ya joto inayotoka ardhini, akazunguka bila kupiga mabawa, na mara nyingi huwa katika kimo kile kile kinachotumiwa na ndege ndogo. Lakini hatari yake haiishii kwa ndege ndogo. Mwaka 1973 ndege ya abiria iligongana na tumbusi juu ya Abidjan, katika kimo cha zaidi ya mita 11,000. Ile ilifanikiwa kutua salama. Michael hakuwa na bahati hiyo.

Aliacha mke, mtoto mdogo wa kiume, na mwingine ambaye hakuwa amezaliwa bado. Alizikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro.

Baba yake aliikamilisha filamu ya Serengeti peke yake. Ilitoka mwaka huo huo wa 1959, na mwaka 1960 ikashinda tuzo ya Oscar ya filamu za kumbukumbu za kweli. Kitabu chake kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Ni kazi hizo mbili zilizolifanya jina la Serengeti lijulikane hata kwa watu wasioweza kuionyesha Tanganyika kwenye ramani.

Hata hivyo, hifadhi iligawanywa mwaka 1959. Ngorongoro ikatengwa, na Serengeti ikaongezewa ardhi upande wa kaskazini. Hesabu yenyewe nayo imerekebishwa. Sensa ya mwaka 1961 ilipata nyumbu zaidi ya 200,000, na baada ya ugonjwa wa sotoka kudhibitiwa, kufikia mwaka 1977 walikuwa wamevuka milioni moja. Kilichobaki ni njia ya kazi: kupanda angani na kuhesabu kabla ya kuamua.

Ikumbukwe pia kuwa kuna waliolipa gharama ambayo filamu haikuionyesha ipasavyo. Akina Grzimek waliamini kuwa hifadhi haipaswi kukaliwa na watu wala mifugo yao. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai waliwekwa mbele ya mkataba wa kuondoka Serengeti, wakatia saini, na watu wao wakaahidiwa kuishi Ngorongoro. Miaka zaidi ya sitini baadaye, mwaka 2022, serikali ya Tanzania ilianza kuwahamisha wakazi wa Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Swali la nani ana haki juu ya nyanda zile bado halijapata jibu linalowaridhisha wote.

Profesa Bernhard Grzimek alifariki dunia tarehe 13 Machi mwaka 1987, na majivu yake yakapelekwa Ngorongoro kuzikwa kando ya mwanawe. Piramidi ndogo ya mawe ipo pale ukingoni, na wasafiri waendao Serengeti huipita njiani.